Mbao za Nyawera

Nyumba ya Nyawera ilipobomolewa
nilinunua sakafu.
Si yote: mbao kumi na nne za libuyu,
misumari imepinda humo mfano wa meno ya uzeeni,
na nta juu yake, tabaka juu ya tabaka,
nyekundu, ngumu, ganda.
Mbomoaji alicheka: "Mama, hizi ni za kuni."
Nikamlipa bei ya kuni.

Mama Cito alizipandisha Kadutu,
mkanda kwenye paji la uso,
bila neno, mlima wote na tope lake,
watu wakiinama kuipisha miisho ya mbao.

Sasa mashini.
Bagira, mwenye randa ya umeme ameiuza Uvira.
Panzi ipo, lakini ni ya mtu mmoja
na huyo mmoja hapokei simu.
Pale Essence kijana alitaka dola saba kila ubao
na hakutaka hata kuziona.
Nikachukua randa ya mkono, ya marehemu mjomba,
ulimi wake butu.
Nilifika nusu ya ubao. Bega likasema acha.

Ndipo nikaambiwa: nenda nyuma ya soko, fuata vumbi.
Maseremala kumi na mmoja, mashini moja,
mota yake zamani ilisaga mihogo.
Haina bwana, ina daftari:
jina, urefu, saa,
na nani ananoa visu mwezi huu.
Mshika daftari, Cubaka, mwenye vidole vinane,
alinitazama, akazitazama mbao.
"Msumari mmoja," alisema, "na watu kumi na mmoja hawali."

Akonkwa mwanangu alichomoa sumaku
kwenye redio iliyokufa, akaifunga uzi,
akaipitisha juu ya kila ubao
polepole, daktari anayesikiliza kifua.
Iliposhtuka, tulichimba.
Misumari mia mbili na sita.
Tuliihesabu kwa sababu usiku ulikuwa mrefu
na umeme, unaozaliwa hapo Ruzizi, chini yetu tu,
ulikuwa umekwenda kwa wengine.

Zamu yangu: Jumatano, saa saba usiku,
umeme ukipenda.
Ulipenda saa nane kasoro robo.
Mashini ikakohoa, mkanda ukashika,
ubao wa kwanza ukaingia mweusi.
Na kilichotoka kwanza hakikuwa ubao,
ilikuwa harufu.
Nta.

Sikuwa nimemwambia mtu.
Mama yangu aliipaka sakafu ile
miaka kumi na tisa, kwa magoti,
kila Jumamosi, nami mlangoni
nimekatazwa kukanyaga.
Sasa Jumamosi zake ziliruka mbele ya taa,
maganda mekundu,
zikaingia nyweleni mwangu, mdomoni.
Cubaka akauliza kama vumbi limeniingia machoni.
Nikasema ni vumbi.
Chini ya nta libuyu lilikuwa rangi ya chai iliyokolea,
jipya, kana kwamba halijawahi kukanyagwa na kiatu.

Ubao wa kumi na nne ulipopita
visu vilikuwa bado vizima.
Kwenye daftari, mbele ya jina langu,
Cubaka aliandika neno moja: safi.
Mwezi ujao kunoa ni juu yangu.

Benchi halikunyooka sana.
Mguu mmoja nimeuwekea kipande cha kandambili.
Nikamwita mama: kaa.
Akakaa.
Hakuuliza mbao zimetoka wapi,
lakini kiganja chake kilianza kutembea peke yake
mpaka kwenye fundo la ubao wa tatu,
lile lenye umbo la sikio,
kikasimama.
"Hili," alisema, "lilikuwa chini ya dirisha."

Kisha akainuka kutafuta kitambaa.

Mama, nikasema. Mama, kaa.